Mnaoandika andiko la mradi kwa mara ya kwanza, anzieni kijijini

Wadau mnaoanza, hasa nyie wa vikundi na mashirika madogo huku wilayani, naona wengi mnakimbilia kompyuta mapema mno. Tangazo la ruzuku limetoka asubuhi, jioni mtu ameshaomba andiko la zamani la rafiki yake abadilishe jina la kijiji na tarehe, halafu anashangaa hajaitwa. Wanaosoma haya maandiko wanasoma mengi kila raundi, la kukopi wanalijua tu.

Tuchukue mradi wa kisima maana ndo wengi mnaomba. Kabla hujaandika sentensi hata moja nenda kaongee na mtendaji wa kijiji, kaa na akina mama wanaochota maji, pita ofisi ya RUWASA wilayani, ule wakala wa serikali wa maji vijijini, uulize kama hicho kijiji kimo kwenye mpango wao, maana unaweza kuomba hela ya kitu ambacho serikali inakijenga mwakani. Ulizia pia kibali cha bodi ya maji ya bonde na upimaji wa maji chini ya ardhi, kwa sababu bila kupima unachimba kwa kubahatisha na mfadhili analijua hilo. Ukirudi na muhtasari wa mkutano wa kijiji wenye sahihi na muhuri, hapo una kitu mkononi.

Sasa kwenye kueleza tatizo, acheni kuandika "jamii inakabiliwa na changamoto kubwa ya maji". Hiyo ni ya Tanzania nzima. Andika kwamba kitongoji fulani, kaya kadhaa mlizozihesabu wenyewe, akina mama wanatoka saa 10 alfajiri kwenda bwawani, wanarudi saa 2 asubuhi, na watoto wa kike wanachelewa shule, mwalimu mkuu ana rejista inayoonyesha. Msomaji hapo anaona watu.

Bajeti jamani, bajeti. Hapa ndo maandiko mazuri yanapofia. Mtu anaandika "usafiri 3,000,000" basi, hakuna mchanganuo. Andika watu 2, safari 4, nauli 15,000 kwenda na kurudi, jumla 120,000, hata kama inaonekana ndogo, ndogo inayoeleweka inaaminika kuliko kubwa isiyo na maelezo. Vifaa tafuta profoma, yaani karatasi ya bei kabla ya kununua, kwa wauzaji tofauti, zikiwa 3 vizuri zaidi. Na kila kitu kilichoko kwenye bajeti kionekane kwenye shughuli, na kila shughuli iwe na hela yake, sio unaahidi mafunzo ya kamati ya maji halafu kwenye bajeti hayapo kabisa.

Someni mwongozo wa mfadhili mpaka mwisho, hawafanani. Ule msaada mdogo wa Japani unaopitia ubalozini kwao kawaida haulipi mishahara wala gharama za uendeshaji, unajenga na kununua vifaa, kwahiyo ukijaza posho umejitoa mwenyewe. Ruzuku ndogo za GEF (mfuko wa mazingira wa dunia) zinazosimamiwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, zinataka muonyeshe mchango wenu, na sio lazima uwe fedha, mawe, mchanga, nguvu za wananchi, eneo lililotolewa na kijiji, vyote pigieni thamani muweke.

Swali litakalowasumbua zaidi ni hili, mradi ukiisha pampu ikiharibika nani analipa fundi? "Jamii itaendeleza" sio jibu. Semeni ndoo moja itauzwa shilingi ngapi, pesa inakaa akaunti gani, CBWSO ya pale, yaani chombo cha jamii kinachoendesha huduma ya maji, ndo itasimamia au la, fundi anatoka wapi. Mimi hilo ningeliandika la kwanza kabisa kabla ya utangulizi, kwa sababu likikushinda ujue mradi wenyewe haujaiva bado na ni bora urudi kijijini.

Makaratasi yaandaeni mapema, cheti cha usajili, katiba, taarifa za benki, na kama ni NGO hakikisheni ada na ripoti za mwaka kwa Msajili ziko sawa, maana haya mambo hayapatikani wiki ya dedlaini. Halafu mpeni mtu asiyeujua mradi asome andiko zima, akimaliza mwulizeni hela inanunua nini na nani anafaidika, pale atakapokwama ndo pa kuandika upya kabla hamjatuma.