Chuma cha wafo cha zamani hakiuliwi na kutu, kinauliwa na haraka

Juzi usiku dada mmoja wa Mbezi kanitumia picha tatu wasapu, nimezifungua nikiwa nimeshapanda kitandani na usingizi ukaishia hapohapo. Ya kwanza ni chuma cha zamani cha kupikia wafo, zile keki za vishimo vya mraba, sahani mbili za duara, mipini miwili ya mbao, kutu ya kawaida tu. Ya pili ni kilekile kimeshapigwa grenda, kinang'aa kama rimu ya gari. Ya tatu ni wafo imenasa, nusu juu nusu chini. Anauliza, "Dada, mbona inanasa na nimekisafisha mpaka kinang'aa?"

Nilimjibu kwa sauti ndefu, halafu nikaona niandike na hapa, maana ni mtu wa nne mwaka huu na kila nikiona hizo picha nakumbuka changu cha kwanza.

Najua ukisoma hapa wewe ni mwenzangu, hutaki kile kimashine cha umeme cha plastiki, unataka chuma chenyewe kizito cha kumimina, yaani kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye umbo, chuma kile cha blok ya injini na cha miguu ya cherehani za bibi zetu, unakiweka juu ya jiko la mkaa unamimina uji wako unafunga unakigeuza. Umeme ukikatika Tabata nzima mimi napika wafo. Mimi ni mtu wa vitafunwa, nauza vitumbua na maandazi mwaka wa 14 huu, kwa hiyo vyuma navijua, na ndio maana cha kwanza kiliniuma vile.

Cha kwanza nilikinunua Oysterbay, familia ya wageni ilikuwa inahama inauza vitu vya ndani, watu wote wamekimbilia friji na makochi, mimi nikaona kile chuma kimelala kwenye boksi la vyombo vya bustani. 25,000, hata sikubishana bei. Kilikuwa na masizi ya mafuta yamegandana meusi kama lami, mpaka vishimo vimeziba. Nikakipeleka nyumbani, na shemeji yangu, ambaye ni fundi mzuri tu wa mageti, akaniambia chuma ni chuma, niachie mimi. Akakitupa kwenye moto wa mkaa akapuliza mpaka kikawa chekundu. Masizi yakaungua kweli, na mipini ya mbao ikaungua nayo maana hakuitoa. Halafu akakimwagia ndoo ya maji ili kipoe haraka.

Kilisema "ta!" mara moja. Ufa kutoka ukingoni mpaka katikati ya sahani ya chini.

Alicheka akasema nitakuchomea. Chuma cha kumimina ndugu zangu hakichomeleki hivi hivi kama geti, kina kaboni nyingi, ni kigumu lakini ni chepesi kuvunjika, ukikipasha sehemu moja kikavutana na sehemu ya baridi kinapasuka pembeni ya pale ulipochomea. Na ndivyo ilivyokuwa, ukapatikana ufa wa pili. Mimi sikusema kitu siku ile, niliingia ndani. Watu wanadhani unalilia 25,000. Mtu akikuharibia kitu chako kwa kujiamini kwake anakuonyesha kwamba hajawahi kukiona kuwa kina thamani, na hilo linauma kuliko hela. Kwa hiyo dada yangu wa Mbezi na wengine wote, usimpe mtu chuma chako eti kwa sababu yeye ni fundi. Muulize kwanza fundi wa nini.

Nikakaa karibu miaka miwili napita Gerezani kwa wauza vyuma chakavu, kila nikienda Kariakoo kuchukua unga napitia, wakawa wananiita mama wa vikaango. Hiyo miaka miwili sina cha kusimulia, ni jua na vumbi. Siku moja kijana kaniita, "mama njoo uone pasi yako", nikakuta sahani mbili zimeshikana kwa kutu, mpini mmoja upo mwingine umebaki kishina cha chuma tu. Alitaka 40,000, tukaishia 18,000.

Kabla sijatoa hela nilikitoa kwenye kitako, kile kikalio cha chini kinachokaa juu ya jiko, nikazibandua sahani nikaining'iniza kila moja kwa kidole nikagonga na sarafu. Hii ishike. Kizima kinalia kama kengele na mlio unakaa, chenye ufa kinasema "ko" kama debe bovu. Kutu usiiogope kabisa, ufa ndio wa kuogopa. Angalia na bawaba, kwenye vile vya Marekani vingi ni kidude cha mviringo kama gololi kinakaa kwenye kikombe cha kitako, ndicho kinachokuwezesha kugeuza bila kunyanyua. Kikiwa kimevunjika, acha. Na ukiona matone ya kijivu laini yameganda ndani ambayo kucha inayakwaruza, acha pia, kuna watu wanayeyushia madini ya risasi ya vizito vya nyavu kwenye chombo chochote cha chuma, na risasi ni sumu, sio kitu cha kulishia watoto.

Changu nilipokisugua kidogo na mswaki likatokea jina la kiwanda, Griswold, Erie, mji wa Pennsylvania kule Marekani, na namba 8, na mwaka 1908. Mikono ilinitetemeka kweli. Nilitangaza kwa watu wote kwamba kimetengenezwa 1908, baadaye ndio nikajifunza kwamba tarehe ile ni ya hataza, yaani haki ya uvumbuzi (patent), kiwanda kiliendelea kumimina kwa hataza ileile miaka mingi baadaye, na kilikuja kufungwa 1957. Ukiona jina la kiwanda kingine, Wagner wa Sidney, Ohio, na 1910, ni mambo hayohayo. Namba 8 nayo sio inchi, ni saizi ya tundu la majiko yao ya kuni ambalo kitako kinakaa juu yake. Hataza maarufu ya chuma cha wafo kule ilitolewa 24 Agosti 1869 kwa Cornelius Swartwout wa Troy, New York, na mpaka leo hiyo tarehe kwao ni siku ya wafo. Mimi huwa napika siku hiyo, wateja hawajui kwa nini.

Sasa kukisafisha. Toa mipini kwanza! Nut ikigoma weka mafuta ya kulegezea, ngoja kesho, weka tena. Mimi ilichukua siku 5 na sikugonga nyundo hata mara moja. Masizi yanatoka kwa kostiki soda, ileile ya watu wa sabuni, Kariakoo ipo kwenye maduka ya kemikali. Ndoo ya plastiki ya lita 20, kama nusu kilo ya kostiki, na kostiki ndio inaingia kwenye maji, sio maji kumwagiwa kostiki, yanaruka yanakuunguza. Glovu ndefu, miwani, watoto mbali. Na usitumie sufuria zetu hizi za alumini, inazila na kutoa gesi inayoshika moto. Nililoweka siku 4, nikakitoa, lami yote ikaondoka kwa brashi tu. Kostiki haili chuma, inakula mafuta. Inakula na mbao, ndio maana nimesema mipini kwanza.

Kutu ikabaki. Siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, dakika 30 usizidishe, unatoa unasugua unasuuza, ikibaki unarudia, maana siki ukiisahau usiku mzima inaanza kula chuma chenyewe. Halafu kikaushe hapohapo jikoni kwa moto mdogo. Dar hii yenye unyevu wa bahari, ukikiacha kwenye upepo uende kupokea simu unarudi kimeshakuwa cha machungwa.

Kukizoesha mafuta ni kama unavyozoesha chuma kipya cha vitumbua, tofauti ni uvumilivu. Mafuta ya alizeti kidogo sana, unapaka kila kishimo, halafu unayafuta yote kama vile ulikosea kuyapaka. Oveni nyuzi 230 hadi 250 saa nzima, kipolee humohumo. Nilirudia mara 6 mpaka kikawa cheusi cha kukolea. Yale mafuta yanageuka ngozi ngumu juu ya chuma, na ni ile ngozi inayofanya wafo isinase, sio kung'aa. Ndio jibu la dada wa Mbezi, grenda imekivua ngozi yote ikakata na vichwa vya vishimo, vilivyokatwa havirudi lakini ngozi inarudi, anza upya na mafuta na wafo za kwanza mbili tatu zikinasa usilie.

Mipini nilikosea. Nilitaka mpingo kwa uzuri wake, kijana wa Mwenge akanikerezea, mbao haikuwa imekauka vizuri, mpini ukapasuka ndani ya wiki. Nikaenda Keko kwa mzee mmoja seremala, akakishika kile kishina, akaangalia mpini wa zamani kama dakika 10 hivi bila kusema, akaniambia "mwanangu, hapa weka mninga, mninga hauchezi." Akatoboa tundu kubwa kidogo kuliko kishina ili chuma kikitanuka kisiusukume. 6,000 mipini miwili. Nikaipaka nta ya nyuki ya Tabora. Watu wanaacha kuheshimu wazee wenye mikono kama ile halafu wanalalamika vitu havidumu!

Idd iliyopita nilipika wafo za tui la nazi na iliki, kila upande dakika 3 hivi, mkaa wa wastani. Shemeji alikula 4. Akakigeuza kile chuma akakiangalia, akauliza hiki ndio kile cha siku ile? Nikamwambia hapana.

Kile ninacho bado, kiko chini ya meza ya jikoni kimefungwa kwenye kanga, kina nyufa zake mbili. Yule kijana wa Gerezani ameshaniuliza mara kadhaa kama nakiuza kwa kilo.