Barnaba alifunga safari mpaka Tarso

Katika kikao kimoja cha baraza la wazee tulilikata jina la kijana mpiga kinanda wetu. Usiku wa mkesha wa Pasaka hakutokea, simu ikawa imezimwa, kwaya ikaimba bila ala. Mmoja akasema huyu asipewe tena huduma yoyote. Mimi ndiye niliyemlea kwenye kwaya tangu akiwa Shule ya Jumapili, na wote walikuwa wananitazama mimi. Nikainamia daftari langu, nikanyamaza.

Jambo hilo lilinirudia miezi kadhaa baadaye nilipopangiwa kufundisha Matendo ya Mitume kwenye jumuiya yetu, nikakutana na Barnaba. Jina lake halisi ni Yusufu, Mlawi, yaani mtu wa kabila la Lawi, kutoka kisiwa cha Kipro. Barnaba, "mwana wa faraja", ni jina alilopewa na mitume, watu walioishi naye na kumwona alivyouza shamba lake akaleta fedha miguuni pao.

Sura ya 9 ndiyo iliyonibana. Sauli amefika Yerusalemu, anataka kujiunga na wanafunzi, nao wanamwogopa. Nawaelewa kabisa. Huyu alikuwa akiingia nyumba kwa nyumba, akiwaburuta wanaume kwa wanawake na kuwatia gerezani. Barnaba akamchukua, akaenda naye kwa mitume, akawaeleza jinsi Sauli alivyomwona Bwana njiani na alivyohubiri kwa ujasiri kule Dameski. Kwa lugha yetu, alimdhamini. Kama Sauli angekuwa mpelelezi, la Barnaba ndilo jina ambalo lingechafuka.

Baadaye kanisa la Yerusalemu likamtuma Antiokia, ambako Wayunani walikuwa wameanza kuamini. Alipoiona neema ya Mungu alifurahi. Nakuomba, kiongozi mwenzangu, usilipite neno hilo haraka. Wengi wetu tukitumwa kwenye kazi iliyoanzishwa na wengine, macho yetu hutafuta kasoro kwanza. Halafu, kazi ilipokua, akafunga safari mpaka Tarso kumtafuta Sauli mwenyewe. Wakafundisha pamoja mwaka mzima, na hapo Antiokia ndipo wanafunzi walipoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza.

Angalia pia mpangilio wa majina. Mwanzoni ni "Barnaba na Sauli". Baada ya safari ya Kipro, Sauli anaitwa Paulo, na mara nyingi inakuwa "Paulo na Barnaba". Yule aliyeletwa anatangulia, na hatusomi popote kwamba Barnaba alilalamika. Ukimwinua mtu, uwe tayari siku moja kumsikia akitajwa kabla yako. Kama moyo wako hauko tayari kwa hilo, omba kwanza.

Hakuwa mkamilifu, Wagalatia 2 inaeleza alivyochukuliwa na unafiki wa wenzake. Lakini kwa Yohana Marko, msaidizi wao safarini, hakurudi nyuma. Marko aliwaacha Perge ya Pamfilia akarudi Yerusalemu, na Paulo hakutaka kwenda naye tena. Walishindana vikali hata wakatengana, Barnaba akaondoka na Marko kwenda Kipro. Miaka ikapita, na Paulo huyohuyo akamwandikia Timotheo: "Umtwae Marko, umlete pamoja nawe, maana anifaa kwa utumishi."

Baada ya kufundisha hayo sikulala vizuri. Ushauri wangu ni huu: kabla hamjapiga kura juu ya mtu aliyeanguka, mmoja wenu na aende kwake. Aende kwa miguu yake, si kwa ujumbe wa simu. Na ukijua jambo jema juu yake, liseme palepale kwenye kikao, hata kama uko peke yako.

Mimi nilichelewa, lakini nilikwenda. Nilimkuta kwenye karakana ya kuchomelea mageti. Alivua miwani ya kuchomelea, akaniamkia, "Shikamoo, mzee," akafuta benchi kwa kitambaa ili nikae. Usiku ule wa mkesha alikuwa hospitali na mama yake. Hakuna aliyemuuliza. Nilimwambia nimekuja kumwomba radhi, kwa sababu siku ile nilinyamaza.

Alikaa kimya kwa muda, akigeuza nondo mkononi. Kisha akauliza, "Kinanda bado ni kilekile?"

"Kilekile," nikamwambia. "Ila vitufe viwili vya juu havilii."

"Hivyo vinatengenezeka, mzee."

Akaniuliza mazoezi siku hizi ni saa ngapi.