Kompyuta Pepe Iliyosimamishwa na Saa Iliyobaki Nyuma

SWALI: Bwana mhariri, natunza kompyuta za ofisi moja katika komini ya Kampemba, Lubumbashi. Umeme ukikatika, mimi husimamisha kompyuta pepe zetu mbili za mfumo wa Linux (kompyuta za kiprogramu zinazoishi ndani ya kompyuta halisi, yaani kompyuta mama) ili betri zisielemewe, kisha huziamsha jenereta ikishawaka. Juzi zilisimama dakika 40 tangu saa nane mchana. Ya kwanza iliamka ikiandika “BUG: soft lockup”, yaani kichakata kimekwama; ya pili haikulalamika, lakini stakabadhi iliyoitoa saa tisa kasoro dakika ishirini ilichapwa saa nane kamili. Je, nimzime huyo mlinzi wa Linux anayetoa onyo hilo?

JIBU: Ndugu msomaji, usimzime, kwa maana siku kichakata kitakapokwama kweli hutakuwa na wa kukuamsha. Chanzo cha mambo hayo mawili ni kimoja. Mlinzi wa Linux hutaka kila kichakata kitoe dalili ya uhai, na kisipofanya hivyo kwa sekunde 20 hivi, hupiga kelele. Iwapo kompyuta pepe inasoma kihesabu cha kichakata chenyewe, kihesabu hicho huendelea kwenda wakati yenyewe imelala. Ikiamka huona dakika 40 zimepita bila dalili yoyote, na mlinzi hudhani kuna msiba. Iwapo saa yake husimamishwa pamoja nayo, mlinzi haoni kitu, ila saa yake ya kuonyesha wakati wa siku hubaki nyuma, kama ilivyokuwa kwa stakabadhi yako.

Kwa wanaotumia KVM, yaani sehemu ya Linux inayoendesha kompyuta pepe, dawa ya kelele imo ndani ya Linux tangu mwaka 2012: kompyuta mama huinua alama katika kumbukumbu inayoshirikiana na kompyuta pepe, na mlinzi akiikuta huifuta na kunyamaza kwa zamu hiyo. Kwa hiyo hakikisha kwamba kompyuta pepe inatumia saa ya KVM, na uisimamishe kwa amri rasmi, si kwa kuigandisha programu yake kutoka nje, kwani hapo alama haitainuliwa.

Saa iliyochelewa ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Chrony, programu inayosahihisha saa ya kompyuta kwa kutumia mtandao, kwa mpangilio wa kawaida wa “makestep 1.0 3”, huirusha saa katika masahihisho matatu ya mwanzo tu, baada ya hapo huisukuma polepole, sekunde moja kwa kila sekunde 12 hivi, na dakika zako 40 zitamalizika baada ya saa nane za kazi, huku stakabadhi zikiendelea kudanganya. Baada ya kuamsha, toa amri ya “chronyc makestep” ndani ya kompyuta pepe, au “virsh domtime --sync” kutoka kompyuta mama ikiwa wakala wa QEMU (programu ndogo inayopokea amri za kompyuta mama) amewekwa ndani, na ufanye hivyo kabla mhasibu hajafungua programu yake.

Onyo likirudi saa ambayo hukusimamisha chochote, likitaja programu ileile, hapo ndipo utafute ugonjwa wa kweli.