Jibu: Soriasisi ya baba, je wanangu wataipata?

Mkuu wa Kirumba, umeuliza kama soriasisi, ugonjwa wa ngozi uliokutolea magamba viwikoni, ni urithi wa baba, na kama wanao nao wataugua. Kurithi kupo, ila kinachorithiwa ni uwezekano, si ugonjwa wenyewe. Hata mapacha wa kufanana, mmoja anaweza kuugua na mwenzake akabaki salama.

Jeni inayotajwa zaidi ni HLA-C, toleo la 06:02, kwenye kromosomu ya 6. Kazi yake ni kuonyesha vipande vya protini kwa seli za kinga. Vipande hivyo hupunguzwa kwanza na kimeng'enya ERAP1, na hapa ndipo panaponivutia: tofauti ndogo kwenye ERAP1 huongeza hatari hasa kwa mtu aliyebeba toleo lile la HLA-C. Peke yake haina makali. Kimeng'enya kingine, TYK2, hupitisha ndani ya seli ujumbe wa IL-23, protini ya mawasiliano ya kinga, unaochochea uvimbe. Waliozaliwa na TYK2 yenye nguvu pungufu huugua kwa nadra, na dawa ya kukizuia, deucravacitinib, iliidhinishwa Marekani mwaka 2022. Usitegemee kuikuta duka la dawa la mtaani.

Wanaokukataza kuoga nao ziwani wapuuze, haiambukizi (kichocho ni habari nyingine). Watoto wakipata mafindofindo watibiwe mapema, maana bakteria wa koo huweza kuiamsha. Ukienda hospitali ya Bugando, mtajie daktari dawa zote unazotumia, hasa za presha, maana baadhi huweza kuizidisha.