Re: Kano dogo la nyuma ya goti halionekani kwenye MRI

Salaam ndugu. Umesema mgonjwa amepigwa MRI ya goti hapa Mombasa, ripoti inataja ACL (kano la msalaba la mbele, ndani ya goti) iliyokatika, lakini kano la popliteofibula (uzi mdogo wa kona ya nyuma-nje ya goti, kutoka ukano wa msuli wa popliteo hadi mfupa wa fibula) "halikuonekana", na daktari wa mifupa anataka jibu kabla ya upasuaji.

Usikimbilie kurudia kipimo. Fungua kwanza picha za koronali (goti likitazamwa kutoka mbele) uone kama kichwa cha fibula, mfupa mwembamba wa upande wa nje, kimeingia chote. Mara nyingi fremu hukatwa juu yake, na kano hilo linashika hapo hapo kwenye ncha. Kisha angalia unene wa vipande: kwa milimita 4, uzi mwembamba namna hii humezwa na tishu za jirani.

Ukilazimika kurudia, ongeza sikwensi (aina ya upigaji) moja tu: PD (picha ya wingi wa protoni) ya kuzima mafuta, milimita 2 hadi 3, koronali ya mshazari. Ipange juu ya sajitali (picha za kutoka ubavuni), mstari wako ufuate ukano wa popliteo unavyoteremka. Ni dakika chache, na zinamwokoa mgonjwa kuvuka feri mara ya pili.

Tahadhari: ukano huo ukilala kama digrii 55 na uga wa sumaku, hung'aa kwenye TE (muda wa kusubiri mwangwi wa ishara) fupi ukadhani umechanika. Linganisha na T2, sikwensi nyingine yenye TE ndefu. Mng'ao ukipotea, ukano ni mzima.

Hata hivyo picha haipimi ulegevu. Daktari azungushe miguu yote miwili nje, magoti yakiwa yamekunjwa digrii 30 halafu 90. Tofauti ikizidi digrii 10 kwenye 30 pekee, shuku jeraha la kona ya nyuma-nje hata kama ripoti iko kimya.