Mwanangu, usisaini Ijumaa

Marahaba mwanangu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, na zile picha za mkataba mama yako amezikuza kwenye tableti tukazisoma pamoja. Umeniuliza mambo mawili: kama kweli serikali ya Marekani inaweza kukulipia shule ya malori mpaka upate leseni ya kuendesha malori makubwa, CDL, na kama ukizipokea fedha hizo utakuja kudaiwa. La kwanza, ndiyo, inaweza. La pili, hapana, hudaiwi, ruzuku ni ruzuku. Ila karatasi ulizonitumia si za ruzuku.

Fungua ukurasa wa tatu, chini kabisa, pale maandishi yanapokuwa madogo. Wanasema kwamba "ufadhili wa serikali usipopatikana," mwanafunzi atawajibika kwa karo yote, na kwamba kwa kusaini umekubali kampuni fulani ya mikopo ikulipie kwanza. Yule bwana wa shule hakukudanganya aliposema serikali hulipa. Hakukwambia tu kwamba yeye hana mamlaka ya kukuahidi. Shule haitoi fedha hizi, inazipokea. Anayezitoa ni ofisi, na ofisi hiyo hujaikanyaga bado.

Fedha zenyewe zinatokana na sheria ya mafunzo ya kazi iitwayo WIOA, aliyoisaini Obama Julai 2014. Serikali kuu hugawia majimbo, majimbo hugawia bodi za kazi za wilaya, na bodi hizo ndizo zinazoendesha vituo vya ajira. Huku kwetu Ohio vituo hivyo vinaitwa OhioMeansJobs. Huko kwako Iowa ni IowaWORKS, na Des Moines kipo. Nenda hapo. Usipige simu tu, nenda, na uwaambie neno hilo hilo: WIOA, mafunzo ya CDL. Ukisema unatafuta kazi tu, watakukalisha kwenye kompyuta uandike wasifu wako, basi, umerudi nyumbani.

Utapewa mshauri. Mshauri ndiye mtu wako kuanzia siku hiyo. Atataka green card yako (kadi ya ukaazi wa kudumu), kadi ya Social Security, uthibitisho wa makazi, stakabadhi za mishahara, na kwa kuwa wewe ni mwanaume, uthibitisho kwamba umejiandikisha Selective Service, orodha ya wanaume wanaoweza kuitwa jeshini. Hili la mwisho vijana wetu wengi hulipuuza kwa kudhani ni mambo ya raia tu. Si ya raia tu. Mwenye green card wa kiume naye anatakiwa kujiandikisha kabla hajafikisha miaka 26, na akishafikisha, dirisha limefungwa. Ofisi ya WIOA atakayoomba msaada itamtaka ajieleze kwa nini hakufanya. Wewe una 24. Angalia leo usiku kwenye tovuti yao kama jina lako limo. Likiwa halimo, liingize.

Baada ya hapo wanaweza kukupa mtihani mfupi wa kusoma na hesabu. Usiuogope. Sheria inawapa kipaumbele wenye kipato cha chini, wanaopokea misaada kama SNAP, ile ya chakula, na wale ambao Kiingereza au kusoma kwao bado kunahitaji kuinuliwa. Kwa hiyo ukipata alama ndogo, hilo si la kukufukuza, huenda ndilo litakalokusogeza mbele kwenye foleni. (Kiingereza nitakirudia. Kwenye usukani hesabu yake ni nyingine kabisa.)

Mshauri akiridhika, anakufungulia akaunti ya mafunzo, ITA wanaiita. Hupewi fedha mkononi. Ofisi inailipa shule moja kwa moja, na lazima shule iwe kwenye orodha ambayo jimbo limeiidhinisha. Kiwango cha juu hupangwa na bodi ya wilaya, kwa hiyo usinukuu cha rafiki yako wa Texas. Kuna wilaya zinalipa karo yote, nyingine zinalipa sehemu. Sasa sikiliza vizuri: kwa kawaida hawalipi mafunzo uliyokwisha kuyaanza kabla hawajakuidhinisha. Ukisaini Ijumaa na Jumatatu ukaanza darasa, umejitoa mwenyewe kwenye fedha ulizokuwa unastahili, na kilichobaki ni ule mstari wa ukurasa wa tatu.

Muulize mshauri pia kama bajeti ipo. Mwaka wao wa fedha unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30, na kuna bodi zinazoishiwa mapema. Akikwambia fedha zimekwisha, usikate tamaa wala usikimbilie mkopo. Uliza lini zinaingia nyingine, uandikishwe, ungoje. Ghala unakofanya kazi halihami.

Na Iowa mna kitu ambacho sisi huku tungekitamani. Kinaitwa GAP, fedha za jimbo zinazopitia vyuo vya jamii, kwa ajili ya kozi fupi za vyeti ambazo misaada ya kawaida ya vyuo haizigusi. Mstari wao wa kipato ni asilimia 250 ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu, maana yake kijana mwenye kibarua cha ghala anaweza kabisa kuingia. Chuo cha DMACC hapo hapo Des Moines wana kitengo cha usafirishaji chenye malori yao. Waulize wao kabla ya hao wa mkataba wako, wenye tangazo la Facebook. Pell Grant, ruzuku ya serikali kuu kwa wanafunzi wa vyuo, usiihangaikie. Hata ule mlango mpya wa kozi fupi uliopitishwa 2025 unadai kozi ya wiki nane au zaidi, na shule nyingi za CDL zinamaliza ndani ya wiki tatu au nne.

Najua utaniambia, "Baba, si kuna kampuni za malori zinazofundisha bure?" Zipo, na si zote mbaya. Lakini bure yao ina kamba. Unafungwa kuwaendeshea, mara nyingi mwaka mzima, kwa kiwango wanachokitaka wao, na ukiondoka kabla, karo inageuka deni. Kijana mmoja wa jumuiya yetu hapa aliondoka kwa sababu mke alijifungua na kampuni haikumrudisha nyumbani. Ankara ikamfuata, kisha wakala wa madeni akamfuata. Ikibidi kwenda huko, nenda ukiwa umeshindwa kwingine kote.

Ukiwa umeshaidhinishwa ndipo tuzungumze shule. Mimi nilijifunza gari nikiwa utingo kwenye barabara ya Tunduma. Dereva akichoka alikuwa ananipa usukani kwenye tambarare, tukifika mlima Kitonga ananyang'anya. Huku njia hiyo imefungwa kabisa. Tangu Februari 7, 2022, anayeomba CDL ya daraja A, ile ya malori ya trela, kwa mara ya kwanza hapewi mtihani wa barabarani mpaka shule iliyosajiliwa na serikali kuu iwe imeingiza jina lake kwenye mfumo kwamba amemaliza nadharia na vitendo. Sajili hiyo iko wazi mtandaoni, Training Provider Registry, na jina la shule unalitafuta mwenyewe. Mwishoni mwa 2025 serikali ilitangaza kuondoa karibu shule elfu tatu kwenye sajili hiyo, kwa hiyo cheti kilichotundikwa ukutani tangu zamani hakitoshi. Shule yako lazima iwe kwenye orodha zote mbili: ya jimbo, ndipo fedha zilipwe, ya serikali kuu, ndipo mtihani ukubalike.

Sasa kuna jambo ambalo orodha haitakwambia. Sheria ya serikali kuu haikutaja saa ngapi ukae kwenye usukani. Imesema mwalimu aridhike kwamba unaweza. Hapo ndipo shule zinapoachana. Kuna shule wanafunzi wanne wanagawana lori moja, na kuna shule wanane wanasimama uwanjani juani wakimtazama mwenzao anapiga rivasi. Wote watatoka na karatasi ile ile. Uliza wazi: kila lori lina wanafunzi wangapi, na mimi binafsi nitashika usukani saa ngapi? Uliza kama lori la mtihani ni la gia za mkono au otomatiki, kwa maana ukifanyia mtihani kwenye otomatiki leseni yako itawekewa kizuizi cha kutoendesha gia za mkono. Kampuni nyingi siku hizi ni otomatiki tupu, kwa hiyo si msiba, lakini ujue unachonunua.

Halafu waombe uone wanavyofundisha breki za upepo. Hapo ndipo watu wanaanguka, hata wale wenye mkono mzuri wa rivasi, kwa sababu ukikosea kipimo hiki mtihani umeishia hapo hapo. Injini imezimwa, swichi iko on, breki zote zimeachiwa. Unakanyaga pedali na kuishikilia dakika nzima huku ukitazama geji: kwa lori lenye trela presha isishuke zaidi ya paundi nne. Kisha unapampu pedali taratibu, presha inashuka, na kengele na taa ya onyo lazima ziamke kabla haijafika chini ya 55. Unaendelea kupampu mpaka vile vitufe viwili, cha njano na chekundu, viruke vyenyewe, mahali fulani kati ya 45 na 20. Na yote haya unayasema kwa sauti, kwa Kiingereza, mtahini akiandika. Kufanya kimya kimya hakuhesabiwi. Anza kujisemea leo ukiwa jikoni, mkeo akucheke tu.

Hapo ndipo Kiingereza kinaporudi. Ofisini udhaifu wako ulikuwa sababu ya kukusaidia. Barabarani, tangu Juni 25, 2025, askari wa ukaguzi akikusimamisha na ukashindwa kumjibu au kusoma alama, anakuondoa barabarani papo hapo, na mzigo unabaki pale ulipo. Wewe unaongea vizuri, sina wasiwasi, lakini unakimbiza maneno ukiogopa. Zoea kujibu polepole: umetoka wapi, umebeba nini, umeanza saa ngapi. Na yule rafiki yako unayetaka mjiandikishe pamoja, mwambie ukweli. Wewe una green card. Yeye ana kibali cha kazi cha mwombaji hifadhi, na tangu Septemba 2025 serikali imekuwa ikiwabana watu wa kundi lake kwenye CDL, mambo yakafika hadi mahakamani. Aende kwanza ofisi ya leseni ya jimbo aulize kama watampa, kabla hajatoa hata senti.

Mengine ni mafupi. Kipimo cha afya: presha yako ikae chini ya 140 kwa 90 ndipo upate kadi ya miaka miwili, punguza chumvi wiki hizi. Mkojo: bangi hairuhusiwi kwa dereva wa CDL hata kwenye majimbo inakouzwa dukani kihalali, na matokeo mabaya yanaingia kwenye daftari la taifa ambalo kila mwajiri analifungua. Kibali cha kujifunzia utakaa nacho si chini ya siku 14 kabla ya kuruhusiwa mtihani wa vitendo, kwa hiyo mitihani ya maandishi ifanye mapema wakati unangoja ofisi. Kitabu chake jimbo linatoa bure. Uliza mshauri kama WIOA inaweza kulipia na kibali, na kipimo, na viatu. Mara nyingi inawezekana, lakini asiyeuliza hapewi.

Na ukishapata kazi watakupigia, huenda hata mwaka mzima baadaye, kuuliza kama bado unaendesha na unalipwa kiasi gani. Pokea simu. Ofisi zile zinapimwa kwa waliopata kazi na wakabaki kazini.

Hukuniuliza kama kazi yenyewe inafaa, lakini mama yako ameniambia nikujibu hata hivyo. Mei 2024 takwimu za Wizara ya Kazi ziliweka dereva wa katikati wa malori makubwa kwenye dola 57,440 kwa mwaka, na hizo ni pamoja na madereva wa miaka mingi, usitegemee kuzianza. Sheria inakupa saa 11 za kuendesha ndani ya dirisha la saa 14, kisha unalala, popote lilipokukuta. Mimi barua hii naimalizia nimeegesha Missouri, kando ya barabara kuu ya I-70, saa zangu zimekwisha na Kansas City iko mbele hapo karibu. Mwaka wa kwanza kampuni nyingi zitataka uende masafa marefu. Mtoto wako ana miezi saba. Kaa na mkeo muongee hilo kabla ya kuongea na mshauri, na umsikilize mpaka mwisho, maana yeye ndiye atakayebaki na mtoto.

Ijumaa kwenye ile shule nenda, ila usiende kusaini. Nenda saa za mazoezi, usimame kwenye uzio wa uwanja, uhesabu malori yanayotembea na watu waliosimama. Wakikuharakisha kwamba nafasi zinaisha, waambie mshauri wako wa IowaWORKS ndiye anayeshika kalamu. Halafu nipigie, nitakuwa nimeshusha mzigo kufikia saa nane mchana.

Msalimie mkwe wangu na umbusu mjukuu.

Baba yako