Jibu kwa aliyeuliza: nibaki kwenye umbo la vifaa au nihamie kwenye skrini?

Mkuu, umeuliza kama uache kudizaini maumbo ya vifaa uhamie kwenye skrini, maana ndiko kazi zilikojaa. Kabla hujaamua, fuatilia njia aliyopita Bill Moggridge, mbunifu wa maumbo ya vifaa kutoka Uingereza.

Alizaliwa London mwaka 1943, akafungua ofisi yake ya ubunifu hukohuko mwaka 1969. Miaka kumi baadaye akahamia Palo Alto, California, na kampuni ya GRiD Systems ikampa kazi ya kudizaini kompyuta ya kubebeka. Ndiyo GRiD Compass iliyotoka mwaka 1982: kasha la magnesiamu, kioo kinachofunikwa juu ya kibodi kwa bawaba, kama laptopu za leo. Bei yake wakati huo ilikuwa dola 8,150. NASA waliipeleka hadi angani.

Sasa hapa ndipo penye uzito. Mwaka 1981, kabla haijatoka sokoni, alibeba nyumbani Compass ya kwanza iliyofanya kazi, moyo umejaa fahari kwa kasha na bawaba yake. Alipoanza kuitumia, dakika chache tu, umbo lote likamtoka akilini. Akazama kwenye yaliyomo kiooni. Akaona raha na kero za mtumiaji ziko humo. Mtu anakaribia miaka 40, jina analo, akakubali kujifunza upya! Yeye na mbunifu mwenzake Bill Verplank wakaipa jina kazi hiyo ya kupanga jinsi mtu anavyowasiliana na kifaa: usanifu wa mwingiliano. Mwaka 1991 ofisi yake ikaungana na za wabunifu David Kelley na Mike Nuttall, ikazaliwa kampuni ya ubunifu ya IDEO.

Mimi nilianzia kwenye plastiki, makasha ya vifaa vya umeme wa jua. Siku moja nilikaa pembeni ya mama mmoja akiingiza namba za malipo. Kitufe kinazama vizuri, ila taa inachelewa kuwaka, basi anabonyeza tena na tarakimu inaingia mara mbili. Wa programu wakasema kosa ni la kitufe, sisi wa umbo tukasema ni la programu. Tulipokaa meza moja tukagusa vyote: kitufe kikaongezwa ugumu kidogo, taa ikawaka papo hapo. Tangu hapo sipokei kazi ya kasha bila kuonyeshwa programu yake.

Kwa hiyo usiuze vifaa vyako vya karakana. Jifunze skrini, lakini anzia kwenye kitu chenye vitufe na kioo pamoja, mfano mashine ya wakala au mita. Kama una mchoro wowote, uweke hapa tuuchambue.